POVU LA LEO: Staa Katuuzia "Kitimoto ya Kifilipino" na Bia za Krafti, Mwalimu Wake Kambloku

Leo hamna ubuyu wa nani kaachana na nani. Leo nina povu, na sio lile la kwenye glasi. Wale ndugu zangu ambao hamgusi nguruwe wala pombe mtanisamehe, rukeni hii, post ijayo ni ya biriani na tutakaa wote. Ila kama wewe ni mtu wa kitimoto na moja baridi, vuta kiti.

Kuna dada mmoja hapa mjini, jina naliacha, wenye macho mtamjua. Aliwahi kutangaza kwenye TV, akapotea kama miaka mitatu huko Dubai, karudi na lafudhi mpya na aproni. Sasa hivi ni mpishi wa mitandaoni, video zake mnazilaiki wenyewe. Wiki mbili zilizopita kaandaa usiku wa kuonja: bia 5 za krafti, yaani zile za viwanda vidogo, na sahani 5 za nguruwe wa Kifilipino. Ghorofani Masaki, taa za manjano, DJ wa kunong'ona. Kiingilio shilingi 150,000 kwa kichwa. Nililipa. Sikualikwa, sikupewa bure, meseji ya muamala ninayo. Nasema mapema kwa sababu najua kwenye kamenti mtaanza "njaa hiyo", "wivu huo".

Basi tumekaa. Tukaletewa vijiglasi vitano vya ukubwa wa kile cha dawa ya kikohozi. Dada kashika maiki, akasema, nayakumbuka vizuri maana nilirekodi: "Wafilipino wenyewe sisig wanaitengeneza kwa kichwa cha nguruwe, masikio, mashavu, ule umaskini umaskini. Mimi nimeisafisha. Nimetumia steki." Watu wakapiga makofi. Kuna kaka mmoja wa bongo fleva, naye jina kapuni, akapiga mluzi kabisa.

Mimi nilibaki nimeshika uma.

Niwaambie kwa nini. Mimi nimekaa Satwa, Dubai. Wenzangu mliopita huko mnajua maisha ya kitanda: chumba kimoja, vitanda vya juu na chini, watu wanane, friji moja na kila mtu na rafu yake. Kitanda cha chini yangu alikuwa mama mmoja wa Kifilipino kutoka Pampanga. Sote tulimwita Ate, ndio neno lao la kumwita dada mkubwa. Mimi aliniita bunso, yaani kitindamimba. Na huyu staa wetu, sikilizeni vizuri, alikaa chumba cha pili kwenye flati hiyohiyo miezi minane. Kila Ijumaa alikuwa anakula kwenye sufuria ya Ate kama sisi wote. Alikuwa anasimama pale jikoni na simu anarekodi, Ate anamwelekeza: hapa siki, hapa usikoroge, hapa zima moto.

Na Ate alikuwa na adabu ambayo wengi wetu hatuna. Dubai nguruwe anauzwa, ila kwenye chumba cha pembeni cha supamaketi fulani fulani, mlangoni pameandikwa kwamba ni kwa wasio Waislamu. Alikuwa ananunua pale, anarudi nayo kwenye mfuko mweusi, anapika siku ambayo mwenzetu wa Mombasa yuko zamu ya usiku, kwa sufuria yake, kisu chake, ubao wake, madirisha wazi. Hakuna aliyemwambia. Siku ya kwanza nilipofungua friza nikakuta sikio la nguruwe linaniangalia (sikio haliangalii, najua, ila hilo liliniangalia) nilipiga kelele nikaita ghorofa zima. Niliposti picha na maneno ya kejeli. Mpaka leo najionea aibu. Kwa hiyo huyu dada sio mshamba peke yake, tulikuwa wawili. Tofauti ni kwamba mimi sikuugeuza ushamba wangu kuwa kiingilio.

Sasa tuje kwenye hicho kichwa cha nguruwe.

Sisig ni chakula cha Pampanga. Neno lenyewe limo kwenye kamusi ya Kikapampangan ya mwaka 1732 iliyoandikwa na padri Mhispania, Diego Bergaño, na wakati huo halikuwa na nguruwe ndani: ilikuwa kachumbari ya matunda mabichi, papai au pera, na siki, chumvi, pilipili na kitunguu saumu. Kitu chachu cha kuamsha mdomo. Kichwa cha nguruwe kiliingia baadaye, na hadithi yake ndiyo wanayoisimulia Wakapampangan kuanzia dereva mpaka meya. Mji wa Angeles ulikuwa jirani na Clark, kambi kubwa ya jeshi la anga la Marekani. Jikoni kwa Wamarekani vichwa vya nguruwe havikuwa na kazi, vikawa vinapatikana kwa bei ya kutupa. Watu wa pale wakavichukua. Mwaka 1974 mwanamke mmoja aliyekuwa na kibanda karibu na reli, Lucia Cunanan, wao wanamwita Aling Lucing, akawa anayachemsha masikio na mashavu, halafu anayachoma kwa mkaa mpaka yanakuwa makavu kwa nje, anayakatakata, anatia kitunguu, pilipili, maini ya kuku, na kalamansi, vile vindimu vyao vidogo vidogo. Baadaye ikaanza kuletwa mezani kwenye sahani ya chuma ya moto ikichachatika. Leo unaikuta Manila, unaikuta Dubai, unaikuta California. Mwaka 2017 mji wa Angeles ulipitisha sheria ndogo kabisa ya kuitambua sisig kama urithi wao.

Kwa hiyo ukisema "nimetoa kichwa nikaweka steki", hujasafisha kitu. Umefuta hadithi. Na sio hadithi tu, umeharibu na mdomo. Raha ya sisig iko kwenye vitu vitatu vinavyogombana: ngozi inayonata, mafuta ya shavu yanayoyeyuka, na ile tegu ya sikio inayolia kwa-kwa-kwa ukitafuna. Steki haina hata kimoja. Steki ukiikatakata na kuikaanga unapata nyama ya kusaga iliyokasirika. Tulichokula Masaki ni hicho, na juu yake mayonesi ya kutosha kupaka ukuta.

Kabla hamjaanza: ndio, najua hata Manila kuna wanaotia mayonesi na yai. Wanatia sana tu, na watu wa Pampanga wanawanunia. Sitaki kujifanya polisi wa mapishi. Wafilipino wenyewe hawampendi polisi wa mapishi. Mwaka 2021 wizara yao ya biashara na viwanda ilitangaza mpango wa kuweka kiwango cha taifa cha kupika adobo, mitandao ikawaka moto nchi nzima, kila mtu anasema adobo halali ni ya mama yangu, mpaka wizara ikatoka kueleza kwamba hailazimishi mtu. Kuna ya sosi ya soya, kuna nyeupe isiyo na soya, kuna ya tui, kuna ya binzari. Kwa hiyo ugomvi wangu na staa hauko kwenye kubadilisha. Pika na maparachichi ukitaka. Ugomvi wangu uko kwenye yale maneno "umaskini umaskini" na lile neno la baadaye, nitalifikia.

Kwanza bia, maana hapo nilicheka.

Glasi ya kwanza akatuletea IPA, bia kali ya hopsi, ile chungu inayonuka maua na maganda ya machungwa. Akaipanga na Bicol Express. Bicol Express kwa wasioijua: nguruwe kwenye tui la nazi, uduvi waliochachushwa kwa chumvi, na pilipili, pilipili, pilipili. Imepewa jina la treni ya kutoka Manila kwenda mkoa wa Bicol. Mtu wa Tanga au Lamu akiionja hiyo sosi anakaa kimya kidogo, kwa sababu tui ni tui. Sasa mtu yeyote aliyewahi kukaa na hizi bia anajua: uchungu wa hopsi unauchochea moto wa pilipili, na kilevi kikizidi ndio kabisa. Ni kama kumwagia mafuta jiko la mkaa. Mezani kwetu dada mmoja mwenye kope za bandia alilia mpaka kope ikaanguka kwenye sahani. Staa akasema "hizo ndizo noti zinafunguka". Noti gani? Tulikuwa tunaomba maji.

Hapo ungeleta laga nyepesi baridi, au bia ya ngano yenye utamu kidogo, ile IPA ungeibakiza kwa bagnet, nguruwe wa Ilocos wanayemchemsha halafu wanamkaanga kwa mafuta mengi mpaka ngozi inapasuka kama kioo. Mafuta mengi, chumvi, hamna pilipili. Hapo uchungu una kazi ya kufanya: unakwangua mafuta ulimini, unakurudisha kwenye tonge linalofuata. Sihitaji cheti kujua hili. Ukila kitimoto ya kukaanga Sinza na bia baridi unajua tayari, ni vile tu hujawahi kuliita noti.

Nitende haki. Sahani ya nne alipatia. Adobo na stauti, bia nyeusi ya kimea kilichokaangwa. Sosi ya soya, siki, kitunguu saumu, pilipili manga, vimepungua kwenye sufuria mpaka vimekuwa vyeusi vinang'aa, halafu ile stauti ina kama harufu ya kahawa na sukari guru iliyoungua. Vilikaa pamoja kama mtu na shemeji yake wanaopendana. Nilimaliza, nikafuta sahani na kidole. Na hiyo adobo niliijua kuanzia tonge la kwanza. Siki haikuwa inakwaruza, maana yake hakuikoroga mpaka ilipochemka na ule ukali mbichi ukaondoka na mvuke, sufuria wazi. Hilo ni somo la Ate, neno kwa neno. Ukikoroga mapema siki inabaki imekasirika, ndivyo alivyokuwa anasema, akikugonga mkono na mwiko.

Halafu ikaja glasi ya tano. "Na sasa wapendwa, bia ya Manila kabisa, San Miguel." Nikaomba niione chupa. Mhudumu kijana mzuri tu akanionyesha bila hiyana. Lebo inasema imetengenezwa Hispania. Wadau, hizi ni kampuni mbili. Kiwanda cha San Miguel kilianza Manila mwaka 1890, cha kwanza cha bia Asia ya Kusini-Mashariki. Mwaka 1953 yakafanyika makubaliano hapohapo Manila, ikazaliwa San Miguel ya Hispania, na baadaye kila mmoja akaenda zake. Bia ya Kihispania haina kosa, nimeinywa. Ila hujatuletea Ufilipino, umetuletea jina. Halafu ikumbukwe usiku huo ulikuwa wa krafti, na San Miguel, iwe ya Manila au ya Madrid, ni kiwanda kikubwa kama vya kwetu. Hata kwenye mada yake mwenyewe kateleza.

Na krafti ya Kifilipino ipo! Hilo ndilo linaniuma. Baguio, mji wa milimani wenye baridi, kuna Baguio Craft Brewery. Puerto Princesa, kisiwani Palawan, kuna Palaweño, iliyoanzishwa na wanawake. Kuna Engkanto, jina la mizimu ya msituni, kama ungesema Bia ya Majini. Watu hawa wanapigana kwenye nchi ambayo laga moja imekaa mezani zaidi ya miaka 100. Sawa, kuzipata hizo chupa Dar ni shughuli, nakubali. Basi ungezitaja tu. Sekunde 10 za maiki. Lakini hapana, dakika 20 tukasimuliwa jinsi yeye "alivyogundua" kwamba nguruwe na bia vinaendana.

Aligundua! Mwaka 1521 meli za Magellan zilipofika visiwa vile, mwandishi wao, Pigafetta, aliandika kwamba Ijumaa Kuu alikaa na mfalme wa pale akala nguruwe, akijitetea kwamba hakuwa na namna, na kila tonge likisindikizwa na kikombe cha pombe. Miaka 500 iliyopita. Pombe ya minazi wanaiita tuba, inagemwa kama tunavyogema mnazi pwani yetu, ikikaa sana inakuwa siki, na siki hiyo ndiyo inayorudi kwenye nyama. Mzunguko mzima umo kwenye mnazi mmoja.

Na wana neno la chakula cha kunywea: pulutan. Linatokana na kuokota, kwa sababu unaokota kwa vidole, kipande kimoja kimoja, katikati ya mazungumzo. Sisig ni pulutan. Ngozi kavu ni pulutan. Na unywaji wenyewe wa mtaani una utaratibu, unaitwa tagay: glasi moja, mtu mmoja kazi yake kumimina, glasi inazunguka, unakunywa yako unarudisha, anayefuata. Ate alikuwa anatufanyia hivyo pale Satwa na vikombe vya plastiki, tukiwa na kopo moja la Red Horse watu wanne, kila mtu anasubiri zamu yake na anasema neno. Ndipo nilipojua mtoto wake wa kwanza anasomea uuguzi. Ndipo yeye alipojua mama yangu anaumwa. Masaki nilikuwa na glasi 5 peke yangu na sikumjua hata jina jirani yangu wa kushoto, wote tulikuwa tunapiga picha.

Sasa lile neno la baadaye.

Kwenye maswali dada mmoja mwanafunzi akauliza vizuri tu: "Mapishi haya umejifunzia wapi?" Staa akajibu: "Nimefanya utafiti wangu mwenyewe, ni ubunifu wangu." Ubunifu wangu. Ile video ikapanda siku iliyofuata, na chini yake Ate, ambaye bado yuko Dubai, bado anafanya usafi hotelini, bado anamfuata staa wetu kwa mapenzi yote, aliandika kamenti. Niliiona. Ilikuwa na emoji tatu za moyo. Alisema anafurahi kuona adobo ya mama yake imefika Afrika, na kwamba kwenye sisig angeshauri maini. Hakuna tusi, hakuna madai. Baada ya saa moja kamenti ikafutwa. Usiku Ate akaniandikia anauliza kama akaunti ya dada imefungwa maana haioni tena. Haikufungwa. Alibloku.

Kwa kamenti yenye mioyo mitatu.

Ndio maana neno "umaskini" lilinikaa kooni. Kaka yake Ate alikuwa na nguruwe kule kwao Pampanga, ndio waliolipa ada ya yule mtoto wa uuguzi kabla ya Ate kuondoka. Mwaka 2019 homa ya nguruwe ya Afrika iliingia Ufilipino. Tunaijua sisi hiyo homa. Mara ya kwanza kuelezwa kitaalamu ilikuwa Kenya, mwaka 1921, kwenye nguruwe wa walowezi. Inakaa kwa ngiri na kwenye papasi bila kuwadhuru, ikimpata nguruwe wa kufugwa anakufa. Binadamu haimdhuru, inamfilisi tu. Ilitoka Afrika ikafika Georgia mwaka 2007, China mwaka 2018, mwaka uliofuata zizini kwa kaka yake Ate. Wote wakauawa na kufukiwa. Mwanzoni mwa 2021 bei ya nguruwe Manila ilikuwa imepanda mpaka serikali ikaweka kikomo cha peso 270 kwa kilo ya mguu na bega na 300 kwa nyama ya tumbo, wauzaji wakagoma kuuza. Siku hizo Ate alikuwa anatuma hela nyumbani ili familia ya wafugaji inunue nyama kilo moja kwa wiki. Takribani watu milioni 2 wa Ufilipino wanafanya kazi nje kwa mtindo huo. Sasa mwambie mtu wa namna hiyo kwamba masikio na mashavu ni uchafu uliohitaji wewe uje usafishe.

Na sisi watu wa kutukanwa kwa chakula tunajijua! Mtu akija Dar akaonja supu ya makongoro au utumbo, akarudi kwao akasema "nimeisafisha, nimetoa makongoro nikaweka filleti, nimebuni mwenyewe", mngemfanya nini? Mngemtoa povu wiki nzima na hashtagi juu. Mmeshawahi. Yule Mzungu aliyeandika kwamba kagundua vitenge bado anawaogopa. Lakini huyu ni wa kwetu, ana ngozi yetu na nyumba Mbweni, kwa hiyo "acheni roho mbaya, dada anajituma".

Kujituma kupo, na hela atafute, kila mtu anatafuta. Ila hesabu ni hii: kulikuwa na watu kama 60 ukumbini. Zidisha na 150,000. Ni milioni 9 kwa usiku mmoja, kabla hajatoa gharama. Kati ya sahani 5, mbili nilizila Satwa zikiwa bora zaidi, bure, kwenye sahani ya plastiki yenye ufa. Simwambii amtumie Ate milioni. Namwambia amtaje. Kumtagi mtu ni bure. Angemwita kwa video dakika mbili, ukumbi mzima ungemwona yule mama na miwani yake imefungwa selotepu, akisema "usikoroge", na nawahakikishia makofi yangekuwa makubwa kuliko ya ile steki. Usiku wake ungekuwa wa maana. Ndio ujinga wa jambo hili, alikuwa na kitu halisi mkononi akakitupa ili aonekane kakibuni.

Najua timu yake inasoma hapa, mlishanipigia simu ile mara ya wigi. Safari hii msipige. Mfungulieni bloku yule mama, na ile video muandike mapishi ni ya nani. Tarehe ya usiku wa pili mmeshatangaza, tiketi zinauzwa, muda mnao.

Na nyinyi wadau mnaoenda usiku wa pili, nendeni, sikatazi, adobo ni tamu kweli. Ila dada akifika kwenye maswali, muulize mmoja wenu: Ate ni nani? Mrekodi jibu mnitumie.

Juzi nilimpigia Ate. Nilimsimulia kila kitu, Masaki, vijiglasi, ile kope iliyoanguka. Akauliza kiingilio ilikuwa bei gani, nikamgeuzia kwa dirham, ikaja mia mbili na kitu. Akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekata. Halafu akauliza: "Bunso, maini alitia?"

Nikamwambia hakutia.

Akacheka mpaka akakohoa.

Kamenti ziko wazi. Matusi ya wazazi nafuta.